Kadi ya Mkopo Isiyo na Riba Nchini Uingereza kwa Mgeni Asiye na Historia ya Mikopo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila Septemba wanafunzi wapya wanapowasili Uingereza, na kila kundi jipya la wauguzi linapopokea mshahara wa kwanza, naulizwa maswali yaleyale. Mtu ameona tangazo la kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 0 kwa miezi kadhaa, ameiomba, amekataliwa katika muda wa dakika moja, naye haelewi kosa lake ni lipi, maana mshahara anao, deni hana, na huko nyumbani alikuwa akilipa mikopo yake bila kuchelewa. Nimelijibu swali hilo kwa simu, kwa WhatsApp na hata kwenye foleni ya pilau harusini, na sasa nimeona afadhali niliandike mara moja kwa utaratibu.

Kukataliwa huko kuna sababu moja kubwa. Mkopeshaji wa Uingereza hamwamini mtu kwa kuwa hana deni; humwamini mtu aliyekopa akalipa, na kumbukumbu anazozitazama kwa kawaida ni zile zilizowekwa ndani ya Uingereza tu. Uaminifu wako kwa mikopo ya simu ya M-Shwari na Fuliza au kwa SACCOS ya kazini hausomwi huku. Wakenya wengi hushangaa kuikuta TransUnion, shirika linalotunza kumbukumbu za mikopo, Uingereza, wakadhani faili lao la Nairobi limewafuata, lakini mafaili ya nchi hizi mbili ni tofauti, na hata jina jema hulazimika kuanza upya.

Jambo la pili la kuelewana kabla hatujaanza ni maana ya "bila riba", kwa sababu maneno hayo yanabeba vitu vitatu. Kuna kadi yoyote ya kawaida ambayo haikutozi riba kwa manunuzi iwapo unalipa deni lote la mwezi kabla ya tarehe ya mwisho; hapo unaweza kukaa na fedha za benki hadi siku 56 hivi bila kuongeza hata senti. Kuna kadi ya ofa, ambayo kwa miezi kadhaa haitozi riba kwa manunuzi hata usipomaliza deni, mradi ulipe kiwango cha chini kila mwezi. Halafu kuna kadi ya kuhamishia deni kutoka kadi nyingine, ambayo mara nyingi hutoza ada ya kuhamisha. Anayeanza hana deni la kuhamisha, kwa hiyo hiyo ya tatu aiweke kando. Matangazo yanazungumzia ofa, na ndiyo maana kila mtu anaikimbilia, lakini njia ya kwanza iko wazi kwa mgeni ndani ya miezi michache tu, nayo ndiyo inayofungua mlango wa ofa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Kwa msomaji Mwislamu niongeze neno moja: mkataba wa kadi hizi, hata ile ya asilimia 0, una kifungu cha riba kinachoanza kufanya kazi ukichelewa au muda wa ofa ukiisha. Wako wanaoona kwamba kulipa deni lote kwa wakati kunatosha, na wako wanaokataa kutia saini mkataba wenyewe. Hilo muulize shekhe unayemwamini kabla ya hatua ya tano.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe umetimiza miaka 18. Uwe na akaunti ya benki ya Uingereza ambayo mshahara wako au fedha zako za matumizi huingia, pamoja na hati za mshahara za miezi mitatu hivi. Uwe na anwani unayokaa kwa kweli, na orodha ya anwani zako zote za miaka mitatu iliyopita, zikiwamo za nje ya nchi, kila moja na tarehe ya kuingia na kutoka. Uwe na uthibitisho wa hali yako ya uhamiaji, ambao siku hizi unapatikana mtandaoni. Wengine huogopa kwamba viza inayowakataza kutumia fedha za umma inawakataza pia kadi ya mkopo. Haiwakatazi, kwa sababu kadi ni mkataba kati yako na kampuni binafsi. Hata hivyo, mkopeshaji anaweza kutazama viza yako imebakiza muda gani, na akasita kama imebakiza miezi michache.

Andaa pia jambo ambalo halipatikani kwa siku moja: subira ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Hatua ya 1: Fanya jina na anwani yako viwe vilevile kila mahali

Hatua hii inadharauliwa kuliko zote, na kwa watu wetu ndiyo inayoleta matatizo mengi. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, wengine na "bin" au "binti" katikati, na pasipoti huyapanga kwa namna yake. Matokeo yake, benki inakujua kwa majina mawili, kampuni ya simu kwa matatu, na mwajiri amelifanya jina la babu kuwa la katikati. Mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo huunganisha habari kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Yasipoyaona majina hayo kuwa ya mtu mmoja, historia yako hugawanyika vipande viwili, na kila kipande kikawa chembamba.

Chagua mpangilio mmoja, ule ulio kwenye pasipoti na uthibitisho wako wa uhamiaji, kisha rekebisha kwingine kote ufanane nao. Anwani nayo iandike kwa namna moja: kama ni ghorofa, namba ya nyumba ikae mahali palepale kila mara, na msimbo wa posta uwe sahihi.

Hatua ya 2: Ingia kwenye daftari la wapiga kura

Wakopeshaji hulitumia daftari hilo kuthibitisha kwamba unaishi pale unaposema unaishi. Wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kujiandikisha bila kuwa na uraia wa Uingereza. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliopo nchini kwa kibali halali wana haki hiyo, na humo wamo raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ambayo ilijiunga mwaka 2009. Mwanafunzi mwenye viza naye yumo.

Raia wa Burundi na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hawamo katika Jumuiya ya Madola, lakini wanaoishi Uskoti au Wales kwa kibali halali wanaweza kujiandikisha kwa uchaguzi wa huko, kwa kuwa sheria za sehemu hizo zimewafungulia mlango wageni wa nchi zote. Kama wewe ni Mkongo wa Glasgow, jiandikishe. Kama ni Mkongo wa London, usijiandikishe kwa kudanganya uraia, maana ni kosa la jinai. Badala yake yaandikie mashirika matatu ya kumbukumbu, uyatumie uthibitisho wa makazi, na uombe yaweke maelezo kwenye faili lako.

Kujiandikisha ni bure na hufanyika kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kwa dakika chache. Utaulizwa kama unataka jina lako lionekane katika daftari la wazi linalouzwa kwa yeyote. Unaweza kukataa bila hasara, kwa sababu wakopeshaji hutumia daftari kamili. Tegemea wiki kadhaa kupita kabla jina halijaonekana kwenye faili.

Hatua ya 3: Soma faili lako mwenyewe

Mashirika ni matatu: Experian, Equifax na TransUnion. Kila moja lina faili lake, na mkopeshaji anaweza kutazama moja tu. Sheria inakupa haki ya kuona kilichoandikwa bila malipo. Njia rahisi ni kufungua akaunti ya bure ya Experian, kutumia ClearScore kwa faili la Equifax na Credit Karma kwa la TransUnion. Mashirika haya yana huduma za kulipia kila mwezi pia. Kwa kazi tunayoifanya hapa huzihitaji.

Usihangaishwe na namba kubwa iliyochorwa katikati ya ukurasa. Kila shirika lina kipimo chake, na benki hufanya hesabu yake yenyewe ambayo wewe huioni. Tazama maandishi yaliyo chini yake: je, anwani ni yako, akaunti ya benki imeonekana, daftari la wapiga kura limeandikwa, na je, kuna deni usilolijua? Kagua pia kama umeunganishwa kifedha na mtu mwingine. Kukaa nyumba moja au hata kuoana hakuwaunganishi; kinachowaunganisha ni akaunti au mkopo wa pamoja, na hapo madoa ya mwenzako huweza kukuathiri. Ukikuta kosa, liandikie shirika husika. Linatakiwa kukujibu ndani ya siku 28.

Hatua ya 4: Weka alama ndogo za kwanza

Kwa miezi miwili au mitatu fanya mambo yanayoacha kumbukumbu. Hamisha laini yako ya simu kutoka ya kulipia kabla kwenda ya mkataba wa kila mwezi, hata ya pauni chache, kwa sababu ya kulipia kabla haiandikwi popote. Chagua mkataba wa laini peke yake, bila simu mpya ya bei kubwa. Acha mshahara uingie benki moja na usiihame, na bili zake zilipwe kwa dairekti debiti, yaani idhini unayoipa kampuni ijichukulie malipo yake kwenye akaunti yako kila mwezi. Kodi ya nyumba kwa kawaida haiingii kwenye faili, ila zipo huduma kama CreditLadder na Canopy zinazoweza kuiripoti ukiidhinisha. Husaidia kidogo, wala si lazima.

Onyo moja hapa. Mwanafunzi mgeni hufuatwa na watu wanaotaka kupitishia fedha kwenye akaunti yake na kumwachia sehemu yake. Huo ni utakatishaji wa fedha. Akaunti itafungwa, jina litaingia kwenye hifadhidata ya udanganyifu ya Cifas, na alama hiyo huweza kukaa miaka 6, muda ambao hata akaunti ya kawaida utaitafuta kwa tochi.

Hatua ya 5: Pata kadi ya kujengea historia, kwa ukaguzi mwepesi kwanza

Hapa ndipo watu hujiharibia. Ukituma ombi kamili la kadi, mkopeshaji hufanya ukaguzi mzito ambao wakopeshaji wengine huuona kwa takriban mwaka mmoja au zaidi. Maombi manne ndani ya wiki mbili yanamfanya yeyote anayetazama adhani umebanwa. Mimi nilipofika niliomba kadi tatu kwa siku tano, nikidhani ni kama kuomba kazi, kwamba ukiomba nyingi moja itakubali. Zote zilinikataa, ya tatu pengine kwa sababu ya zile mbili.

Kwa hiyo anza na ukaguzi mwepesi, ambao wewe unauona lakini wakopeshaji wengine hawauoni. Tovuti za kulinganisha kama MoneySavingExpert, MoneySuperMarket na ClearScore zina fomu za kupima nafasi yako, na kampuni nyingi za kadi zina zao. Utapewa asilimia ya uwezekano wa kukubaliwa kwa kila kadi. Anza kwa kuiuliza benki inayopokea mshahara wako, kwa kuwa inauona mwenendo wako bila kusimuliwa.

Kadi utakazopewa nafasi nzuri zitakuwa zile za watu wenye historia ndogo. Majina utakayoyakuta ni kama Aqua, Vanquis, Zable, Capital One au Barclaycard Forward. Kikomo chake, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa, huwa kidogo, mara nyingi pauni mia chache tu, na riba yake huwa kali, asilimia 30 na kitu kwa mwaka au zaidi. Usiogope namba hiyo kabla ya kusoma hatua inayofuata, lakini pia usiidharau: ukiacha pauni 600 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 34.9 kwa mwaka, mwezi wa kwanza pekee utatozwa takriban pauni 15.

Ujaze ombi moja, kwa kadi moja. Mapato uyaandike kwa ukweli, kwa mwaka, kabla ya makato, kama fomu inavyouliza. Mwanafunzi anayefanya kazi saa 20 kwa wiki aandike mapato ya saa hizo. Kukuza mapato kwenye fomu ni udanganyifu, na ile hifadhidata niliyoitaja hapo juu inawahusu wadanganyifu wa namna hii pia.

Tena, mkopeshaji halali hakuombi ulipe ada ya bima au ya usajili kabla ya kukupa kadi. Anayekupigia simu na kudai hivyo ni tapeli. Jina la kampuni lihakiki kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha.

Hatua ya 6: Itumie kadi hiyo kwa asilimia 0 ya kweli

Siku kadi inapofika, kabla hujainunulia chochote, weka dairekti debiti ya kulipa deni lote kila mwezi. Fomu itakupa chaguo tatu: kiwango cha chini, kiasi maalumu, au deni lote. Chagua deni lote. Anayechagua kiwango cha chini bila kusoma hugundua mwaka ukiisha kwamba sehemu kubwa ya alichokilipa ilikuwa riba. Mwezi wa kwanza lipa kwa mkono, kwa sababu idhini mpya mara nyingine huchelewa kuanza na taarifa ya kwanza, yaani hesabu ya deni la mwezi, huipita.

Hesabu yake inakwenda hivi. Tuseme mwezi wa kadi yako unaanza tarehe 6 Juni na kufungwa tarehe 5 Julai, na tarehe ya mwisho ya kulipa ni 30 Julai. Ununuzi wa tarehe 6 Juni umekupa siku 54 bila riba, na wa tarehe 4 Julai siku 26. Ukilipa deni lote tarehe 30 Julai, hakuna riba. Ukibakiza hata kidogo, riba huweza kuhesabiwa tangu siku ya kila ununuzi, na mabaki yake yakaendelea kuonekana kwenye taarifa ya mwezi unaofuata, jambo linalowafanya wengi wadhani wameibiwa.

Inunulie kadi kitu kimoja ambacho ungekinunua hata bila kadi, kama nauli ya kwenda kazini au vyakula vya wiki, na fedha zake uziache kwenye akaunti zikisubiri. Jitahidi deni linaloonekana kwenye taarifa lisizidi robo ya kikomo: kadi ya pauni 400 ionyeshe pauni 100 au pungufu. Kuiacha droani bila kuitumia hakujengi kitu.

Yako matumizi ambayo hayapati siku za bure kabisa. Kutoa fedha taslimu kwenye mashine hutozwa ada na riba tangu siku hiyohiyo, na huandikwa kwenye faili. Kununua fedha za kigeni huhesabiwa vivyo hivyo. Kwa sisi linalouma zaidi ni kutuma fedha nyumbani: kampuni nyingi za kadi huyahesabu malipo kwa programu za kutuma fedha kuwa ni fedha taslimu, hata kama hukugusa noti. Mama akipiga simu kwamba bati la jikoni limeng'oka, mtumie kwa kadi ya kawaida ya benki. Na ukienda likizo Mombasa au Dar es Salaam, kumbuka kadi nyingi za Uingereza huongeza karibu asilimia 3 kwa kila malipo yasiyo ya pauni.

Faida iko pia. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Ukinunua tiketi ya ndege moja kwa moja kutoka shirika la ndege na shirika hilo likafilisika, unadai kwa kampuni ya kadi. Ukinunua kupitia wakala, dai hilo huwa gumu zaidi.

Hatua ya 7: Baada ya miezi 6 hadi 12, omba kadi ya ofa

Rudia ukaguzi mwepesi wa hatua ya tano. Safari hii tafuta kadi ya asilimia 0 kwa manunuzi, na usiichanganye na ile ya kuhamisha deni, kwa kuwa huandikwa ukurasa mmoja na huonekana pacha. Nafasi ikiwa ndogo, ngoja miezi mitatu mingine, hujapoteza kitu.

Soma maneno mawili kwa jicho kali. La kwanza ni "hadi". Tangazo likisema hadi miezi 20, wewe mwenye historia fupi unaweza kupewa michache zaidi. La pili ni riba ya mfano, ile inayoandikwa pembeni mwa herufi APR, yaani gharama ya mkopo kwa mwaka: sheria inataka angalau asilimia 51 ya waliokubaliwa waipate, na waliobaki wanaweza kupangiwa ya juu zaidi. Tovuti ikisema umeidhinishwa awali na ikaonyesha kikomo na riba yako mwenyewe, hiyo ni bora kuliko nafasi nzuri isiyo na maelezo.

Hatua ya 8: Ligawe deni siku ya kwanza

Ofa kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku akaunti inapofunguliwa, wala haisubiri ununuzi wako wa kwanza. Mwanafunzi aliyepewa miezi 12 akanunua kompyuta ya pauni 600 mwezi wa kwanza atalipa pauni 50 kila mwezi. Akinunua mwezi wa tatu, itambidi alipe pauni 60. Weka dairekti debiti ya kiasi hicho maalumu, hakikisha kinazidi kiwango cha chini, na andika kwenye kalenda ya simu tarehe ya mwezi mmoja kabla ya ofa kuisha.

Usichelewe hata mara moja. Malipo yaliyokosekana huweza kukufutia ofa, ada ya kuchelewa kwa kawaida ni hadi pauni 12, na doa lenyewe hukaa kwenye faili miaka 6. Kadi ya zamani usiifunge mara tu ya pili inapofika; endelea kuinunulia nauli na kulipa yote.

Mambo yakienda kombo

*Nimekataliwa.* Usiombe kwingine siku hiyo. Muulize mkopeshaji ametumia shirika gani la kumbukumbu. Akikukataa kwa sababu ya kilichomo kwenye faili, anapaswa kukutajia. Lisome faili la shirika hilo, kisha uombe uamuzi upitiwe upya na mtu, hasa kama umekuta kosa. Pumzika miezi mitatu hadi sita.

*Faili langu linasema sipatikani kabisa.* Mara nyingi ni lile suala la jina au anwani. Jaribu kwa mpangilio mwingine wa majina. Ukijikuta huko, rudi hatua ya kwanza, na uliombe shirika liunganishe mafaili.

*Kuna jambo la kweli kwenye faili linaloniharibia, lakini lina sababu.* Unaweza kuongeza maelezo yasiyozidi maneno 200. Yatumie kwa jambo zito kama ugonjwa au utapeli, kwa kuwa maelezo hayo huweza kulipeleka ombi lako kwa ofisa badala ya kompyuta na kulichelewesha.

*Nimekubaliwa, lakini kwa riba na muda nisioutaka.* Una siku 14 za kujitoa kwenye mkataba bila kutoa sababu. Kama umeshaitumia kadi, utarudisha ulichotumia pamoja na riba iliyokwishahesabiwa. Ukaguzi mzito hautafutika. Kwa mtu wa hatua ya tano ninashauri abaki, kwa sababu anayelipa deni lote riba haimgusi.

*Nimesahau tarehe ya kulipa.* Lipa dakika hiyohiyo, kisha piga simu ueleze. Kwa kosa la kwanza, kampuni nyingi hukubali kuisamehe ada ukiomba kwa adabu.

*Ofa inaisha na deni bado lipo.* Hapa ndipo kadi ya kuhamishia deni, tuliyoiweka kando mwanzoni, inapoweza kufaa. Pima kwa ukaguzi mwepesi miezi miwili kabla ya ofa kuisha, na ujumlishe ada yake kwenye hesabu.

*Kampuni imekosea na hainisikilizi.* Andika malalamiko rasmi. Zikipita wiki 8 bila suluhu, au ukikataa jibu lao la mwisho, ofisi ya Financial Ombudsman Service husikiliza wateja bila malipo.

*Deni limenilemea.* StepChange, National Debtline na Citizens Advice hushauri bure. Usilipe kampuni yoyote ili ikusaidie kulipa madeni. Kwa wakazi wa England na Wales upo utaratibu wa kisheria wa siku 60 ambamo riba na ufuatiliaji wa wadai husimamishwa kwa madeni mengi, nao huombwa kupitia mshauri wa madeni.

*Ninahama nyumba.* Badilisha anwani kwenye benki, kadi, simu na daftari la wapiga kura katika wiki hiyohiyo, na usiombe kadi mpya mpaka anwani mpya ionekane kwenye mafaili yote matatu. Ukihama nchi kabisa, lipa deni, omba barua ya kufungwa kwa akaunti, na uitunze pamoja na vyeti vyako.